Mkono wa Pasi Haushiki Barafu

Mtaani kwetu, La Magdalena, kuna wapiga pasi watatu, na hakuna anayekubali kwamba wenzake wanaijua kazi. Lakini hata hao wawili, ukiwabana vizuri, watakiri kwamba kola iliyopita mikononi mwa Herlinda Arriaga husimama wiki nzima. Mashati yangu ya kufundishia yalipita kwake miaka kumi na sita, na hakuniunguzia hata kifungo, isipokuwa shati moja, nalo nitalifikia.

Mwaka ninaousimulia Herlinda alikuwa na miaka hamsini na minne. Pasi aliishika akiwa na miaka kumi. Hakuolewa, jambo ambalo mtaa ulilijadili kwa miaka ishirini, kisha ukachoka, ukatafuta la mwingine. Aliishi na mama yake, Bi Práxedis, katika nyumba ya vyumba viwili yenye ua, na katikati ya ua palikuwa na kisiki kipana cha mti walichokitumia kuwekea karai la kufulia.

Sasa, kila mpiga pasi hapa Uruapan anajua sharti moja: mkono wenye moto wa pasi haushiki baridi. Ukitoka kwenye pasi ukagusa maji ya bomba, mishipa hujikunja, vidole vinapinda kama tangawizi, na hapo kazi umeiaga. Hilo hatulibishi. Wengine hungoja saa moja, wengine hungoja mpaka kukuche. Kwa Herlinda ilikuwa siku tatu. Bi Práxedis ndiye aliyemwambia hivyo siku alipompa pasi ya kwanza, na mtoto wa miaka kumi hahoji. Na kwa kuwa haikuwahi kupita siku tatu bila nguo za watu kufika nyumbani kwao, Herlinda aliishi miaka arobaini na minne bila kugusa barafu, bila kufungua friji, bila kunawa kwa maji ambayo hayakupashwa moto.

Ningesema ni kituko tu, tungecheka yakaisha, kama baba yake asingekuwa muuza barafu.

Mzee Filemón alikuwa na pipa la mbao, na ndani ya pipa mkebe mrefu wa chuma, na kati ya pipa na mkebe alishindilia mapande ya barafu na chumvi ya mawe. Maziwa yakimiminwa ndani ya mkebe, aliuzungusha kwa mkono, huku na huku, mpaka yagande. Aliuza uwanjani mbele ya kanisa. Barafu yake ya maziwa ilikuwa na rangi ya mchanga na harufu fulani kwa nyuma ambayo hakuna aliyeweza kuitaja. Herlinda alipokuwa mdogo alikwenda naye kila Jumapili, akasimama juu ya kreti, akazungusha mkebe kwa mikono yote miwili. Ilipoingia pasi, hayo yakaisha siku moja. Alimfuata baba yake Jumapili iliyofuata, akakuta mkebe umeshikwa na mkono mmoja tu, wa baba, na baba akamwambia bila kumtazama, "Mkono wako una moto, binti yangu. Rudi kwa mama yako."

Hakumtazama. Hilo ndilo lililomkaa Herlinda moyoni kuliko maneno. Baadaye Mzee aliendelea kuleta nyumbani kikombe kila Jumapili, na Bi Práxedis alikiweka juani mpaka kikayeyuka ndipo mtoto anywe. Kwa hiyo utamu wake Herlinda aliujua vizuri, ila baridi yake aliisahau. Akakua akiamini kwamba baba yake alimwona hafai. Mzee alipokufa, miaka ishirini na miwili kabla ya hapo, alikufa bila kumwambia mtu mapishi yake, au ndivyo ilivyosemwa, na pipa, alivyoambiwa Herlinda, likauzwa kwa watu wa Zamora.

Baada ya Pasaka ya mwaka huo Bi Práxedis aliacha kula. Alikuwa na miaka themanini na mmoja na tumbo limemfunga. Uji wa mahindi alikataa, supu alikataa, maharage alisukuma kwa kiganja. Daktari alisema mpeni anachotaka. Alichotaka kilikuwa kimoja.

"Ile ya Filemón," alisema.

Herlinda alituma watu wamletee barafu za maziwa kutoka sokoni, stendi, uwanjani. Mama alikuwa akionja ncha ya kijiko, kisha anarudisha. "Hii sabuni," alisema. Ya pili akasema ni chaki. Ya tatu hakuisemea kitu, akageukia ukutani. Na Herlinda aliona mifupa ya bega la mama yake inavyotokeza kwenye gauni alilolipiga pasi mwenyewe, akajua kwamba akikosa kumpata anayeipika ile barafu, mama yake atakufa kwa njaa mbele ya macho yake.

Tangu mama augue, kufungua friji ilikuwa kazi ya jirani, Chona, mwanamke wa mdomo mrefu na moyo mkubwa zaidi. Alikuja asubuhi na jioni, akatoa maziwa, akarudisha maziwa, na kila mara alilipwa kwa ruhusa ya kusema apendavyo.

"Siku moja nitahama mtaa huu," alisema asubuhi hiyo, kichwa kimo ndani ya friji. "Tuone nani atakufungulia. Utakufa na njaa na jibini limo humu linakutazama."

"Uhamie wapi? Nani atakuvumilia?"

"Siku tatu! Hata padri hafungi hivyo. Marehemu mamangu alipiga pasi mpaka kiuno kikagoma, na yeye alikuwa akingoja jogoo awike, basi. Akiwika ananawa."

"Kila nyumba na masharti yake, Chona. Funga mlango, baridi inanifikia."

"Haya, najifungia na baridi yangu." Akaufunga kwa nyonga. "Na umesikia kona ya fundi viatu pamefunguliwa duka? Hujasikia, utasikiaje, umejifungia na mashati ya wanaume wa watu. Wiki ya tatu sasa. Lambalamba za kila rangi, na juisi kwenye mitungi mikubwa ya vioo. Nimekula ya embe na pilipili, Herlinda, nikalamba mpaka kijiti kikaniomba radhi. Na wanayo barafu ya maziwa, ya kuzungusha kwa mkono kama ya mzee wako. Mashine hawana."

"Umeionja?"

"Ya maziwa? Mimi na maziwa tuligombana zamani. Nenda mwenyewe."

Herlinda alikuwa amepiga pasi dazeni mbili jana yake. Alijifunga mtandio mpaka puani, akajitia glavu za sufu katika joto la Aprili, akachukua chupa ya chai, akashuka mtaa saa nane mchana. Watoto walimwona wakanyamaza, ndivyo alivyotisha.

Duka lilikuwa chumba kimoja. Ukutani juu ya mlango palichorwa jani kubwa la kijani lenye vidole vitano, na chini yake neno moja: Mtini. Kaunta nzima ilijaa mitungi: rozela nyekundu, ukwaju wa kahawia, nanasi, na maji ya limau yenye mbegu ndogo nyeusi zikielea. Nyuma ya kioo zilipangwa lambalamba za embe, nazi, stroberi, tango na pilipili. Hewa baridi ilitoka mlangoni ikamgusa usoni, naye akasimama pale pale kwenye kizingiti.

"Karibu, mama, ingia ndani," alisema mwenye duka, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mashavu ya mviringo, mikono mipana. Jina lake Edelmira. "Jua hili si la kusimama nalo."

"Hapa panatosha. Una barafu ya maziwa?"

"Nimeitoa pipani sasa hivi. Nikutilie kikombe?"

"Nionjeshe kidogo. Lakini kiweke juani kwanza, iyeyuke."

Edelmira alicheka. "Wateja wananigombeza ikiyeyuka, wewe unaniagiza niyeyushe?"

"Mimi mpiga pasi."

"Ahaa." Kicheko kikakoma kwa heshima. "Basi kaa hapo kivulini, mama. Jua la leo halichelewi."

Alikaa kwenye benchi la nje akakitazama kikombe kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Kilipokuwa maji matupu alikinyanyua kwa glavu zake akanywa. Maziwa yaliyochemka mpaka yakabadilika rangi. Mdalasini kidogo. Na kwa nyuma, baada ya kumeza, ile harufu ya kijani isiyo na jina. Herlinda alilia pale pale benchini, bila sauti, mtandio ukalowa puani.

"Mama, kulikoni? Imeharibika?"

"Nani amekufundisha hii?"

"Baba yangu, Mungu amrehemu. Mzee Filemón, aliuza uwanjani pale kanisani. Na mama yangu, Socorro, aliuza maji ya matunda meza inayofuata." Aliyasema kwa fahari, maana alikuwa ameshayasema mara nyingi kwa wateja. "Ndiyo maana nauza vyote viwili. Duka hili nusu la baba, nusu la mama."

Herlinda alisahau baridi akatia kichwa ndani. Nyuma ya kaunta, juu ya sakafu yenye maji, lilikaa pipa la mbao lenye ukanda wa shaba ubavuni. Ukanda ule aliuona ukipigiliwa. Alikuwa na miaka saba, na ndiye aliyemshikia baba misumari. Halikuuzwa kwa watu wa Zamora wala wa popote. Lilikuwa limerudi nyumba ndogo, au pengine ndiko lilikokuwa likilala siku zote.

"Hiyo harufu ya nyuma," alisema taratibu, "ni ya nini?"

"Jani la mtini, linachemshwa na maziwa. Ilikuwa siri, lakini mimi mjinga nimeichora ukutani."

"Nyumbani kwetu palikuwa na mtini."

Edelmira alimtazama sasa. Aliona nywele zenye mvi, kisha akashusha macho kwenye kipande cha mkono kati ya glavu na shati, pale penye makovu madogo ya pasi. Mashavu yakamshuka.

"Wewe ni Herlinda."

Herlinda alivuta mkono wa shati ukafunika makovu.

"Niliwahi kufika kwenu," alisema Edelmira. "Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, siku ya tisa ya sala za msiba wa baba. Mama alinituma niombe majani matatu tu ya mtini, nimpikie baba barafu ya mwisho. Bi mkubwa hakunijibu neno. Aliingia ndani akatoka na panga. Nilidhani ni langu. Kumbe la mti."

Herlinda aliikumbuka siku hiyo. Alikuwa chumbani anapiga pasi vitambaa vya sala, akasikia panga, akatoka akamkuta mama yake anakata mti alioupanda akiwa bi harusi. Alidhani ni uchungu wa kufiwa, akamwacha amalize. Tangu siku hiyo kisiki kikawa cha karai.

"Alikuwa akikusema," Edelmira aliendelea, naye sasa anafuta kaunta isiyo na uchafu. "Nikizungusha ananigombeza: mkono wako mzito, Edelmira, nilikuwa na binti aliyezungusha bila kusita, maziwa yanaganda hayajui yameganda saa ngapi. Nikamwuliza, basi mbona hukumfundisha yeye? Akasema, alipewa pasi. Akanyamaza mpaka jioni."

Herlinda alitamani kumzaba kofi, na alitamani kumwomba ayarudie yale maneno tangu mwanzo. Hakufanya moja wala la pili. Alisogeza chupa ya chai kwenye kaunta.

"Nijazie. Mama yangu hali chakula."

Edelmira aliijaza mpaka juu, akaifunga kwa taulo mara mbili, ili ubaridi usimfikie.

Nyumbani Herlinda alimwambia mama yake amenunua kwa watu. Bi Práxedis alifungua kinywa kwa uvivu, kijiko kikaingia, na uso wake ukatulia. Akafungua tena. Alikula kikombe kizima akalala usingizi wa mchana kama mtu mwenye afya. Kesho yake pia, na keshokutwa. Kila siku saa nane Herlinda alishuka na glavu zake, akasimama kizingitini, akajaziwa, na wale wanawake wawili hawakuzungumza zaidi ya salamu. Chona aliyeingia kufungua friji alimkuta mgonjwa ameketi kitandani anauliza kama paka wa jirani ameshazaa. Ilikuwa siku ya sita, Jumapili, Bi Práxedis alipolamba kijiko akasema, "Jani linakaa mno."

"Jani lipi, Mama?"

"Usinifanye mtoto. Jani linatolewa maziwa yakipanda mara ya kwanza. Ya kwanza, si ya pili. Nilimwimbia Filemón hilo miaka yote, na masikio yake yalikuwa ya urembo. Mwambie huyo msichana."

Herlinda aliketi ukingoni mwa kitanda. "Umejuaje ni msichana?"

"Mapishi ni yangu. Nilipewa na bibi yangu, nikampa yeye. Alipokuja kunioa alikuwa anauza karanga, mwanangu, karanga za kukaanga, na nusu zimeungua. Barafu nilimfundisha mimi, akaenda nayo kule. Amefungua wapi?"

"Kona ya fundi viatu."

"Karibu hivyo." Alifikiri kidogo. "Anafanana naye?"

"Mikono."

"Haya."

"Mama, ulikuwa unajua siku zote?"

"Siri ya mtungi aijuaye kata. Na mtaa mzima ulikuwa kata. Asiyejua ulikuwa wewe peke yako, na nilifanya kazi kubwa usijue."

"Kazi gani?"

Bi Práxedis alitazama dirishani, upande wa kisiki. Alipoanza kusema, sauti yake haikuwa ya kuomba radhi. Ilikuwa ya mtu anayetua mzigo kwa sababu mikono imekwisha nguvu.

"Ulikuwa na miaka kumi. Ulirudi kutoka uwanjani umesukwa, mikia miwili, utepe wa kijani. Ukaniambia, Bi Socorro amenipa maji ya ukwaju. Bi Socorro amenisuka. Bi Socorro ananukia vizuri, Mama. Nikakufumua pale pale, ukalia kwa sababu nilivuta. Kesho yake nikakupa pasi."

Herlinda alikumbuka ukwaju. Utepe hakuukumbuka kabisa.

"Na baba?"

"Nilimwambia, ukimruhusu huyu mtoto aguse pipa tena, nitakwenda uwanjani Jumapili, padri akitoka na watu wote wakitoka, nitasema. Mwenye hatia ana kauli gani? Akakurudisha."

"Na siku tatu, Mama? Wenzangu wote wanangoja mpaka asubuhi."

Bi Práxedis alivuta shuka hadi kifuani. "Ningesema mpaka asubuhi," alisema, "ungekwenda kwake kila Jumapili. Mume alikwenda. Mapishi yalikwenda. Nikasema, huyu haendi."

Hakusema nisamehe. Labda hakuwa na neno hilo, na labda alidhani ameshalisema. Herlinda alichukua kikombe akakiosha kwa maji ya moto, kama alivyoosha vikombe vyote vya maisha yake. Alikuwa na hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo, wala hakujua aiweke wapi.

Jumatatu alipanga nguo mezani, mgongo kwa kitanda, akapiga pasi tangu asubuhi. Saa nane ikafika. Saa tisa ikafika.

"Herlinda," mama aliita. "Hukwenda leo?"

"Mikono yangu ina moto, Mama."

Pasi ilipumua mvuke. Herlinda alijua vizuri kisu hicho kimeingia wapi, maana kilitoka katika sanduku la mama mwenyewe.

"Kweli," alisema Bi Práxedis. "Siku tatu."

Jioni Chona alikuja, akaona kikombe kikavu na mgonjwa amerudi kuutazama ukuta. "Nikamchukulie mimi basi," alisema. "Mimi mikono yangu haina moto, ina uvivu tu."

"Usiende."

"Herlinda, mama wa watu..."

"Nimesema usiende, Chona. Nitakwenda mwenyewe Alhamisi."

Alimaanisha. Alikuwa ameshapanga: siku tatu amwache mama yake aionje ile sheria, na Alhamisi atashuka na chupa ya chai, na wataanza upya, pengine hata watazungumza. Sisi sote tunajua hasira ya namna hiyo. Huwa tunaiwekea siku ya kwisha, kana kwamba siku ni mali yetu. Jumanne mama hakula wala hakuomba. Jumatano kabla ya saa sita Herlinda alikuwa anainyoosha kola ya shati langu jeupe, akasikia pumzi ikikatika nyuma yake, ikarudi, ikakatika. Aliacha pasi juu ya kola akageuka. Alipokumbuka kuinyanyua, moshi ulikuwa umejaa chumbani na mama yake ameshakwenda.

Shati alinirudishia limekunjwa vizuri, doa la kahawia likiwa na umbo la pasi. Nimelitunza mpaka leo.

Tulimzika, tukasali siku tisa. Siku ya tisa Edelmira alikuja, akasimama langoni kama alivyosimama akiwa mtoto, kabeba mtungi mkubwa wa maji ya ukwaju kwa ajili ya waombolezaji. Wanawake waliokuwa uani walinyamaza wote kwa pamoja, na midomo yao, nawajua, ilikuwa inawasha. Herlinda alitoka ndani. Alimtazama, akakitazama kisiki, akaondoa karai juu yake kwa mikono yake miwili.

"Weka hapa," alisema.

Edelmira aliuweka mtungi juu ya kisiki, akawagawia watu. Herlinda alipopewa kikombe chake alikishika kwa glavu, akangoja kipate joto ndipo akanywa.

Siku ya kumi nguo za watu zilikuja, kwa sababu kola hazijui msiba. Herlinda alipiga pasi nusu dazeni. Alipofika shati la saba alisimamisha pasi, akavua kitambaa cha kichwa, akatoka hivyo hivyo bila mtandio, bila glavu, mikono bado myekundu kwa mvuke. Watu walimwona akipita haraka, viganja vikiwa mbele, kama mtu aliyebeba kitu. Kwenye kizingiti cha duka hakusimama. Alizunguka kaunta.

Edelmira alikuwa amechuchumaa penye pipa, anashindilia barafu na chumvi. "Dada, umetoka wapi? Mikono yako!"

"Kwenye pasi."

"Sasa hivi? Dada, usi..."

Herlinda alipiga magoti akaizamisha mikono yote miwili, mpaka vifundoni, katika barafu na chumvi. Alifumba macho akangoja. Aliyangoja maumivu aliyoahidiwa akiwa na miaka kumi, mishipa kujikunja, vidole kupinda kama tangawizi. Baridi ilimchoma, ikampanda hadi viwiko, ikamtoa machozi. Edelmira alikuwa amemshika bega. Dakika ikapita, na nyingine. Kisha Herlinda akaitoa mikono ikiwa inachuruzika maji, akavikunja vidole, akavikunjua, kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vimenyooka. Ilikuwa baridi tu.

"Jani ulitoe maziwa yakipanda mara ya kwanza," alisema. "Amesema nikwambie. Si ya pili."

"Sawa, dada."

Aliitazama tena mikono yake, mizima kabisa, na uso wake ukavunjika.

"Kumbe ningeweza kuja Jumatatu," alisema.

Edelmira alilivuta pipa likasimama kati yao, akauelekeza mpini wa mkebe upande wa dada yake.